Majibu ya Nyumbani

Jumatatu, 7 Agosti

Leo nimeanza kuandika. Mwalimu Mareitumetse alisema kwenye kikao cha wazazi: mtoto akimwona mkubwa nyumbani ameshika kalamu, naye atashika. Basi nimeshika. Herufi nilijifunza kambini Welkom, kule Afrika Kusini, kwenye machimbo, baada ya zamu, wenzangu wakinywa. Nilikuwa mkuu wa genge. Watu thelathini chini ya ardhi, walikuwa wakinisikiliza mimi. Mtoto wa darasa la tatu atanishinda nini?

Lipuo binti yangu alikuja jana kutoka Maseru. Hakukaa hata chai ipoe. Akasema Keneuoe anashuka darasani. Matokeo ya mwezi huu yakiwa haya haya, atamchukua akasome mjini, akae naye huko. Sikulaumu, baba, anasema, lakini huyu mtoto hana wa kumsaidia.

Hana wa kumsaidia! Na mimi nimekaa pale pale, blanketi langu begani.

Keneuoe ni mtoto wa marehemu mwanangu. Mama yake aliolewa kwingine. Nyumba hii ina sisi wawili na mbuzi. Nikamwambia Lipuo: nitamfundisha mwenyewe, kila jioni. Agosti ikiisha njoo, utamkuta anamfundisha mwalimu.

Ubaoni pale mlangoni pa darasa wameandika kazi za wiki. Kesho vyenye uhai na visivyo na uhai. Jumatano bustani. Alhamisi vipimo. Ijumaa mtihani. Nimesoma yote. Polepole, lakini yote.

Jumanne, 8 Agosti

Kazi ya nyumbani: taja vitu vitano vyenye uhai. Akaandika mbuzi, kuku, mpichi. Hapo akasimama kufikiri. Nikamwambia andika moto.

"Moto, babu?"

Nikamuuliza: moto hauli kuni? Haukui? Mlima ule ulivyoungua, moto mmoja haukuzaa mia? Na usipoulisha haufi? Sasa kiumbe ni nini kama si hicho?

Akanitazama kidogo. Akaandika. Cha tano nikampa mto. Ndani mna nyoka wake mkubwa, kila mtu anajua, lakini hata bila nyoka, mto unatembea. Jiwe ndilo limekufa.

Ana mwandiko mzuri kuliko wangu. Sikumwambia.

Jumatano, 9 Agosti

Bustani. Wamepanda vitunguu. Amerudi na udongo mpaka masikioni. Hakuna kazi ya nyumbani. Upepo mbaya, vumbi tupu.

Alhamisi, 10 Agosti

Leo wamecheza duka darasani. Makopo matupu, mizani, mmoja muuzaji, wengine wanunuzi. Keneuoe alikuwa muuzaji. Anasema aliwakataza wenzake kukopa. Damu yangu hiyo.

Kazi: kilo moja ya sufu ya mbuzi na kilo moja ya chuma, ipi nzito?

Nilicheka. Swali la kumwuliza mtu aliyebeba reli begani! Nikamwambia chuma. Akashika penseli muda, kisha akasema labda zote ni kilo, babu. Nikamwambia nenda kabebe chuma halafu tuongee. Akaandika chuma.

Ijumaa, 11 Agosti

Nne kati ya ishirini. Nne.

Mwalimu mwenyewe mtoto wa jana, hata kuolewa bado. Nilisema hivyo kwa sauti, nje, jirani yangu Mme Mampolokeng, mama wa kijiji kizima, akanisikia juu ya ukuta. Huyo mjane ana ulimi, hata akikuita Ntate, baba, inauma. "Ntate Rapitso, kaonewa mtoto au umeonewa wewe? Maana aliyefanya mtihani ni nani?"

Alisoma mpaka la saba, basi kila siku ni kunikumbusha. Wakati wetu wasichana ndio walikwenda shule. Sisi tulikuwa na ng'ombe.

Jumatatu nitakwenda mwenyewe.

Jumatatu, 14 Agosti

Nimekwenda. Blanketi zuri, fimbo, kofia. Mwalimu akanikaribisha ndani nikae nyuma mpaka kipindi kiishe. Benchi lile, magoti yamenifika kidevuni. Mtoto mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba mwanafunzi mpya ana ndevu. Darasa zima likacheka. Keneuoe hakucheka. Alinyoosha shingo tu, kama mwenye mali.

Wanaimba miezi. Wanahesabu kwa vijiti. Mwalimu akauliza: mnyama gani anataga mayai? Mkono wa kwanza, Keneuoe. Tano mara sita? Keneuoe. Maji yakiganda huwa nini? Keneuoe. Kila swali. Nilikohoa ili wajue ni wa nani.

Baadaye, mlangoni, nikamwuliza mwalimu: huyu ndiye aliyepata nne kati ya ishirini? Akatazama chini. Akauliza nyumbani anasaidiwa na nani. Nikasema mimi, nani mwingine. Nikamwona anahangaika, anakunja kile kitambaa cha kufutia ubao, anakikunjua. Nikamwambia sema, mwanangu, mimi nimefokewa na mabosi wa machimbo, sivunjiki.

Akasema polepole. Kile anachokisikia darasani tu, Keneuoe hakosi. Kile tulichokifanya jioni nyumbani, anakosa chote, na siku ya mtihani anaandika vile vile tena. Moto una uhai. Chuma ni kizito. Wiki zote, hata kabla ya Agosti, tangu nianze kumpa majibu hapa na pale. Mwalimu alimwita, akamweleza moto hauna uhai. Mtoto akasema najua, mwalimu. Sasa kwa nini unaandika? Akasema: "Babu ameshasema."

Nikamwuliza mwalimu kwa nini hukuniita mapema. Akasema, "Ntate, na mimi nitakuambia nini? Wewe ni baba yangu."

Nilirudi kwa njia ya juu ili nisipite kwa Mampolokeng.

Jumanne, 15 Agosti

Kazi: chora mmea, taja sehemu zake. Nikasema leo fanya peke yako, nimechoka.

"Basi nitakungoja upumzike, babu."

Akangoja. Alipika ugali na mboga, tukala, akaosha sufuria, akarudi kukaa na penseli yake. Nikajifanya nimesinzia. Nikifungua jicho, yupo. Mwisho nikasema mizizi, shina, majani. Hayo nayajua. Akauliza na lile la katikati ya ua linaitwaje. Nikasema hilo halina jina.

Akaandika halina jina.

Mungu wangu.

Jumatano, 16 Agosti

Leo nilijikaza. Nikamwambia: Keneuoe, mambo ninayokuambia mengine si kweli. Mwalimu anajua zaidi. Mfuate mwalimu.

Akacheka mpaka akashika tumbo. "Unanijaribu, babu." Nikasema sikujaribu. Akasema hata mwaka ule wa theluji ulisema hujui njia, kumbe unaijua, ukatupitisha sote.

Kweli niliijua. Na nimemhadithia mara ngapi, nikiongeza. Miaka yote nimejivisha kilemba mwenyewe, leo nakivua, hakitoki.

Alhamisi, 17 Agosti

Swali la leo: buibui ana miguu mingapi? Ningesema sita. Badala yake nikasema nakwenda kutazama mbuzi, nikazunguka kwa Mme Mampolokeng.

Nilitaka kumwuliza kama kwa mzaha tu. Hakunipa nafasi. "Minane. Umekuja giza linaingia kuniuliza hilo?" Nikabisha. Nilibisha, nikiwa nimekwenda kuomba. Akaninyanyulia debe la kuni, chini yake alikuwepo buibui mmoja, mnono. "Haya mkuu wa genge, hesabu watu wako."

Minane.

Nikamwomba awe anamsaidia mtoto. Sijui nimetoa wapi maneno. Hakunicheka safari hii. Akaja, akakaa karibu na moto, akamwambia Keneuoe lete daftari nikutazamie. Keneuoe akamsalimu vizuri, akamletea kikombe cha uji mchachu, akasema asante, Mme, babu yangu ananitosha.

Akakaa na daftari kifuani mpaka mgeni akaondoka. Mlangoni Mampolokeng akanivuta blanketi: "Huyu hana shida ya shule, Ntate. Ana shida ya wewe kuwa mkubwa mno."

Ijumaa, 18 Agosti

Sita kati ya ishirini. Buibui alikuwemo, na minane yake niliyompa.

Jumapili, 20 Agosti

Lipuo amepiga simu kwa Mampolokeng, nikaitwa juu ya ukuta. Anakuja Jumamosi hii, tarehe ishirini na sita. Anaendeleaje mtoto?

Nikasema vizuri sana. Nikasema mwalimu mwenyewe anashangaa. Mdomo ulikuwa unakwenda, mimi niko nyuma yake nauita urudi. Mampolokeng alikuwa anaanika nguo, akaacha kuanika.

Lipuo akasema sawa baba, Jumamosi nitapitia kwa mwalimu kwanza aniambie alama.

Jumatatu, 21 Agosti

Wiki hii ni hali ya hewa. Mawingu, mvua, upepo, pande nne za dunia. Wametengeneza kipimo cha mvua kwa chupa. Mvua yenyewe hakuna tangu Mei. Keneuoe ndiye mwenye kukitazama kila asubuhi na kuandika: hakuna.

Nilimpitia mwalimu. Nikasema usimpe kazi za nyumbani wiki hii, akae bure. Akasema amekwisha jaribu, Ntate. Asipompa kazi, Keneuoe anapanga maswali yake mwenyewe ya kuniletea. Anawaambia wenzake: "Mimi nina babu wa kumuuliza, nyinyi mna nani?"

Jumanne, 22 Agosti

Nilikaa zizini makusudi, baridi ikinikata. Akanifuata huko na daftari chini ya blanketi lake. Upepo unatoka wapi, babu?

Nikasema sijui.

Akangoja.

Nikasema tena sijui. Akatabasamu, akachuchumaa, akaanza kumkuna mwanambuzi kichwani, kama mtu aliye kwenye foleni na anajua zamu yake itafika. Vidole vilikuwa vyekundu kwa baridi. Nikasema unatoka milimani. Nilitaka aingie ndani apate joto, basi.

Jumatano, 23 Agosti

Nimefikiri kumkemea. Nimwambie kwa ukali usinisumbue na vitabu vyako. Labda akiniogopa ataandika yake. Nilifungua kinywa asubuhi anavaa viatu. Akageuka, "Naam, babu?"

Nikasema funga kamba vizuri.

Naandika hapa kile nilichotaka kumwambia. Babu yako hajui. Babu yako hajui. Mkono unaandika bila shida. Ulimi, nikiupeleka pale, unarudi na jambo jingine. Mimi niliyewaambia wanaume thelathini ingieni, wakaingia.

Mampolokeng anasema nimwachie Lipuo. Anasema mjini atapata alama zake. Anasema kupenda ni pamoja na hilo. Nikamwambia usinifundishe. Kisha nilikaa nikawaza Jumapili, kikombe kimoja mezani. Sikuweza kuendelea.

Alhamisi, 24 Agosti

Kesho mtihani. Keshokutwa Lipuo.

Kazi ya leo ni swali moja tu: maji ya mvua yanatoka wapi?

Mimi ninayo majibu yangu. Nimeyashika tangu utotoni, niliyapata kwa babu yangu malishoni, na nikiyasema moto ukiwaka yanapendeza. Najua hayatafaa kesho. Ya shule siyajui. Mampolokeng kaenda kwenye msiba kwa dada yake tangu mchana, nyumba yake imefungwa. Nimekwenda kutazama mara mbili.

Nikamuuliza, wewe unaonaje?

"Unavyoona wewe, babu."

Nikasema mwalimu alisema nini leo na ile chupa yenu? Akasema alieleza mambo mengi. Nikasema yapi? Akasema, "Ngoja kwanza nisikie yako."

Nikasema Keneuoe, tazama hapa. Shangazi yako anakuja. Ukikosa kesho anakuchukua. Ulikuwa unajua hilo?

Kumbe anajua. Alisikia siku ile ile Lipuo alipokuja, alikuwa nyuma ya mlango. Nikamwambia basi andika unalolijua wewe, usiandike langu, ubaki hapa. Akasema shangazi alisema hana wa kumsaidia. "Nikiandika la mwalimu nikapata, atasema kweli, mwalimu ndiye aliyenisaidia. Nataka nipate kwa lako."

Nikavuta taa, nikafungua daftari hili, nikaanza kuandika ili nisimtazame.

Amesogeza kigoda karibu. Amechonga penseli, ameweka tarehe, amepiga mstari chini yake kwa rula. Anautazama mkono wangu unavyokwenda. Anadhani naandika jibu. Kila nikifika mwisho wa mstari ananyanyua penseli yake, akiona naanza mwingine anaishusha, anangoja, na mimi naendelea kuandika