Jina la Fondo kwenye Jiwe la Baba

Junda, Kisauni,
Mombasa.
16 Juni 2025

Mpendwa Dada Gladys,

Shikamoo dada. Hujambo na joto la huko Doha? Yale maumivu ya mgongo yamepungua? Sisi tu wazima. Mama anatembea vizuri, ila usingizi umempaa, na sababu ndiyo nakuandikia.

Wajua niliwatumia ujumbe kuuliza nani aandikwe kwenye jiwe la kaburi la Baba. Wewe ulijibu siku ile ile. Kumbe ujumbe ulienda pia kwa namba ya zamani ya ndugu yetu Fondo, ambayo sikuwahi kuifuta. Ni miaka sita tangu Baba amfukuze na kuapa kuwa si mwanawe tena, na hatujapata habari zake.

Alhamisi adhuhuri namba ile ikajibu. Maneno matatu: "Count me in."

Mama alitaka maana. Nikamwita jirani yetu, Mwalimu Philister, Mama asije akadhani nabuni.

"Ni mtu anasema nihesabuni, nami nimo," mwalimu akamweleza. "Husema hivyo anayetaka kuwa pamoja na wenzake. Asiyetaka husema count me out."

"Basi mwanangu ataka kuwemo," Mama akasema.

Nikapiga. Alipokea mwanamke, Mwende, muuza chai wa Miritini. Laini ni yake tangu mwaka jana. Hamjui Fondo, hakuandika kitu, na Alhamisi simu ilikuwa kwa fundi, imefunguliwa, haina hata betri.

Mama akashika lake moja: jina liandikwe. Jumamosi nikampeleka kwa mchongaji, Mzee Boga, aliyekuwa akingoja tumpe majina. Tukakuta jiwe liko tayari, majina yamechongwa. Gladys, Fondo, Katana.

"Nani alikwambia uandike Fondo?" nikamuuliza.

"Si ndugu yenu? Alikuja Alhamisi adhuhuri, akasema yeye ni wa katikati. Nilimpa kiti akakataa. Alikuwa vumbi tupu, mpaka kwenye kope."

Mama alipitisha kidole kwenye jina lile, herufi moja moja. Kisha akamuuliza mzee, "Alikuwa amekula?"

Dada, ukipigiwa na namba usiyoijua, tafadhali pokea.

Mama akusalimu sana, na Mwalimu Philister pia. Nisalimie shemeji Mwarandu na umbusu Lynnette. Mungu awalinde mtokapo na mrudipo.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Katana