Jina la Levan Kwenye Shuka

Jumatatu, 14 Novemba
Serikali imewaandikia kina Levan: yeye, mama yake na mdogo wake warudi kwao Georgia kabla ya Krismasi. Shule nzima inajua. Tumekaa dawati moja miaka yote hii na sijui nimwambie nini. Nikampa nusu ya mkate wangu wa jibini. Akala.

Jumanne, 15 Novemba
Mkutano wa wanafunzi, ukumbi wa michezo. Anouk, mwenzetu wa darasa, kasimama juu ya benchi akihutubia — sauti yake haichoki, yangu huchoka kabla haijatoka. Tukapiga kura kwa kuinua mikono: Alhamisi tunaziba lango la shule kwa mapipa ya taka, kupinga kina Levan kuondolewa. Na juu yake shuka kubwa lenye jina la Levan, kama bango. Mwandiko wangu ni mzuri, basi kazi ni yangu. Anouk akanitania kwamba hatimaye engagée, mwanaharakati wa vitabuni, msimamo wote kwenye karatasi, atashika brashi.
Nikainua mkono kama wengine. Levan hakuwepo. Hakuna aliyeuliza yuko wapi.

Jumatano, 16 Novemba
Mchana hakuna masomo. Nimepaka rangi kwenye gereji ya baba mpaka mgongo unauma. Levan akapita kuchukua kitabu chake cha hesabu, akaliona shuka. Hakukasirika — afadhali angekasirika. Mdogo wake, Nino, hajaambiwa kitu. Anadhani wanahama nyumba tu. Kila asubuhi Levan humpeleka shule, wanapita mbele ya lango letu. Ana miaka saba. Anajua kusoma.
"Andika lolote, Solène. Jina langu toa."
Nikaitikia kwa kichwa.
Kisha nikampigia Anouk. Anasema bila jina hakuna mwandishi wa habari atakayekuja, na bila waandishi wataondolewa kimyakimya. Tena tulishapiga kura. Huenda yuko sahihi. Hilo ndilo linalonichosha.

Alhamisi, 17 Novemba
Saa mbili kasorobo. Baridi. Mapipa yamefika kifuani. Nimeketi juu ya mojawapo, shuka chini yangu, limekunjwa. Sikulibadilisha. Sikulikataa pia. Anouk kaniletea kahawa, kanifunga skafu yake shingoni. Ni mwema, Anouk! Gari la televisheni limefika, wanawasha taa.
Kwenye kona ya duka la mikate — kofia nyekundu ya Nino. Levan kamshika mkono. Levan ameniona, ananipungia.
Anouk ananihimiza: "Inuka basi, Solène. Tunakusubiri wewe."
Bado nimelikalia shuka; nikiinuka tu, Nino atalisoma. Naandika ili mikono yangu iwe na shughuli.