Gari ya Papa Inakunywa Sana

Cimpunda, Bukavu, tarehe 6 Mei 2024

Papa mupenzi,

Leo nimeapa kukuambia yote bila kuficha. Sisi huku wazima, ila mdogo wangu Destin anakohoa. Wewe, Maman Martine na binti yake Tatiana munaendeleaje na joto ya Kamanyola?

Papa, nitapata kipaimara jumapili tarehe 26. Maman anasema hautakuja, eti tangu ulipooa kule umesahau njia ya Bukavu. Nilimujibu: "Atakuja." Tonton Gentil, ndugu ya Maman, akacheka: "Na ile gari yake ya kukimbiza upepo? Itakauka mafuta kabla ya kufika Nyangezi!"

Unijibu kupitia dereva huyu anayekuletea barua, tafadhali.

Mutoto wako,
Eulalie

Kamanyola, 10 Mei 2024

Mutoto wangu Eulalie,

Salamu. Tuko wazima, shida ni joto tu. Destin apewe tangawizi.

Tonton yako anasema kweli. Gari hii iko ya mashindano, milango mbili na turbo, inakunywa kama askari siku ya mushahara. Kupanda nayo mulima wa Ngomo ni kumwaga mafuta barabarani. Si kwamba sitaki kuja. Wewe unasoma ufundi wa magari: nitafutie dawa, na mimi nitafika.

Papa yako,
Blanchard

Cimpunda, 14 Mei 2024

Papa mupenzi,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Destin amepoa, anakushukuru.

Dawa nimeipata. Nilisoma, nikamuuliza mwalimu, akanieleza hadi nikaelewa. Usiamshe turbo: kanyaga polepole, badilisha vitesse, zile gia, mapema, moteri isilie. Pine za magurudumu zijae upepo vizuri. Toa mizigo yote isiyo na kazi, maana gari inaibeba kwa mafuta yako. Ukianza kupanda, zima klima, ile mashine ya baridi.

Na wakati wa kurudi, Papa, usizime moteri kwenye muteremuko wa Ngomo kama madereva wanavyofanya. Wanafikiri wanaokoa mafuta, kumbe breki inakuwa ngumu na usukani unakuwa muzito, na chini kule ni shimo. Acha vitesse ndani, ondoa mguu kwenye mafuta. Hapo moteri haipokei hata tone, na yenyewe inashika gari. Nilifurahi sana kujua hivyo, nikamwambia hata Maman.

Nimekuwekea nafasi kanisani karibu na marraine, musimamizi wangu wa kipaimara.

Mutoto wako,
Eulalie

Kamanyola, 29 Mei 2024

Mutoto wangu,

Habari ya nyumbani? Hongera kwa kipaimara. Pole, sikufika. Asubuhi ile gari ilikataa kuwaka kabisa, tuliisukuma hadi tukachoka. Imelala hapa mbele ya nyumba tangu siku ile.

Lakini dawa yako ni nzuri sana! Sasa inakunywa kidogo tu. Uliza mwalimu kama kubadilisha filtre ya hewa kutasaidia tena.

Papa yako,
Blanchard

Cimpunda, 2 Juni 2024

Papa mupenzi,

Salamu. Tuko wazima sote. Mwalimu anasema ndiyo: filtre ikiwa chafu, ibadilishe.

Nilikuahidi kusema yote. Baada ya misa marraine alitupeleka kwake Muhumba, hapa hapa Bukavu, kula. Njiani, ndani ya lupango moja ya ukuta, niliona gari yako nyekundu ya milango mbili. Geti lilikuwa wazi, nikaingia na rozari yangu mukononi. Nikagusa kapo, kifuniko cha moteri. Ilikuwa moto.

Mulinzi akapiga kelele: "We mutoto, usishike gari ya patron!"

"Patron ni papa yangu."

Akacheka hadi akashika kiuno. "Papa yako? Patron ameleta binti yake kwa anniversaire, siku yake ya kuzaliwa, iko ndani anakata gâteau, keki kubwa. Wewe na kanzu yako nyeupe unataka kuwa bibi-arusi wa nani? Toka!"

Ndani walikuwa wakiimba jina la Tatiana. Nilisikia sauti yako, unaimba kuliko wote. Nilichungulia kwenye kioo cha gari. Kiti cha nyuma hakikuwemo, umekitoa ili iwe nyepesi. Mashauri yangu umeyafuata kupita nilivyoandika.

Sikumwambia Maman. Alipouliza kwa nini sili, nilisema nimeshiba Roho Mtakatifu, akacheka.

Papa, siku uliponiomba dawa, ulijua tayari kwamba mafuta utakayookoa ni ya kumuleta Tatiana? Kama haukujua, andika neno moja tu, "Sikujua", dereva anapita jumanne, na mimi nitakuamini. Ulijua?

Mutoto wako,
Eulalie