Simbilisi Hacheui

"Simbilisi akisaga meno anacheua, na mnyama anayecheua ameshiba na ametulia."

Maneno hayo ni ya jirani yangu, Mzee Marwa. Aliyasema leo asubuhi akiwa amesimama mlangoni mwa jiko langu, fimbo begani. Nimeyaandika kama alivyoyatamka ili asije kusema nimemsingizia.

Si kweli. Mzee Marwa hana ubaya wa moyo, ila amelelewa zizini mpaka akaamini dunia nzima ni zizi. Kwa imani hiyo kuna damu kwenye sakafu ya jiko langu. Nimeisugua kwa majivu, nikaisugua kwa sabuni, bado ipo.

Ni Jumamosi. Mvua ya alfajiri imekatika, kijiji chetu cha Nyarero chote ni matope, na mimi nina hasira ambayo chai haijaipoza.

Simbilisi, kwa asiyemjua, ni mnyama mdogo wa mviringo asiye na mkia, mkubwa kuliko panya, mdogo kuliko sungura. Wako wanaomfuga kwa ajili ya nyama. Ghati, binti wa kaka yangu anayeishi kwangu na kusoma darasa la tano, alikuwa na mmoja wa kupenda tu. Alimwita Filimbi, kwa sababu akisikia tu kisu kikikata majani nyuma ya nyumba, alipiga mluzi mpaka majirani wakajua saa yake ya kula.

Jioni nyingi mimi na Ghati tumekaa jikoni kando ya kreti lake la mbao tukijifunza milio yake. Mluzi ule ni wa tumbo. Ukimpapasa mgongo hutoa sauti ya chini, kama cherehani ya nyumba ya pili. Akishtuka, sauti hiyo hiyo hukatika, fupi na kavu. Na akisaga meno, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, usimguse. Hayo ni matusi. Kinachofuata ni kuuma.

Sasa leo Mzee Marwa amekuja na gunia. Ndani yake mlikuwa na dume jingine, jekundu, zawadi kwa Ghati, ili Filimbi apate mwenzake. Nilimwamkia shikamoo na kumshukuru, maana ni mzee mkarimu, na kabla sijamaliza shukrani alishalitumbukiza ndani ya kreti.

Manyoya yakasimama. Wakaanza kuzungukana, viuno vikiyumba, wakinguruma. Kisha meno.

Ghati alinivuta kanga. "Shangazi, mtoe yule. Wamekasirika."

Nilipaswa kuinama na kumtoa. Badala yake nilimgeukia Mzee Marwa, naye akanipa lile jibu la kucheua. Nikamwambia simbilisi hana tumbo la ng'ombe, hawezi kucheua. Akasema mwandishi nimesoma vitabu vingi lakini sijawahi kuamka na mavi ya ng'ombe miguuni. Nikamjibu. Nilikuwa na jibu zuri, na baada yake lingine zuri zaidi. Mnaonisoma hapa mtandaoni mnanijua, siwezi kuacha hoja mbovu ipite hata kama nyumba inaungua.

Nilikuwa nashinda.

Ndipo kreti likaruka. Wale wawili walikuwa wamegeuka donge moja la manyoya, linajipiga ubao huu, linajipiga ubao ule, vipande vya nywele vikipanda juu kama pamba. Filimbi alilia. Haukuwa mluzi wa majani. Ulikuwa mlio mmoja mrefu, mwembamba, kama msumari unaoburuzwa juu ya bati. Nilipotaka kupita, Mzee Marwa alinikingia fimbo.

"Waache. Dume lazima lijue cheo chake. Huyo kijana, huyo mura, akishindwa atakimbia."

Atakimbilia wapi? Fahali akishindwa hugeuka, na mbele yake kuna uwanda wote mpaka Nyanungu. Kwa hiyo wachungaji hawatenganishi mafahali, na kwa ng'ombe wana haki. Lakini ndani ya mbao nne anayeshindwa hana pa kwenda. Anabaki pale pale na kuendelea kushindwa.

Ghati hakungoja tumalize. Alitia mkono. Alipouinua, lile jekundu lilikuwa linaning'inia kwenye kidole chake, meno yamezama mpaka kwenye mfupa, linapiga mateke hewani. Akapiga ukelele ambao sitausahau.

"Nyamaza," Mzee Marwa alimwambia. "Mtoto wa Kikurya halii kwa jino la panya."

Akanyamaza. Papo hapo, kama mtu amezibwa mdomo. Damu ilikuwa inatiririka mpaka kwenye kiwiko, naye anamtazama mzee kwa macho makavu. Na ndani ya kreti nako kimya.

"Umeona?" mzee akasema. "Wameelewana."

Nilimnyang'anya fimbo. Hapa kwetu mwanamke hanyang'anyi fimbo ya mzee. Nimefanya hivyo na ningefanya tena. Nililipiga lile jekundu likaachia kidole na kukimbilia chini ya kuni. Fimbo niliirusha kwenye matope. Filimbi alikuwa amelala ubavu, shingo imechanika, mdomo wazi, anavuta pumzi bila sauti yoyote. Alikufa mapajani mwa Ghati kabla sijamaliza kufunga kidole kwa kitambaa.

Huo ndio uelewano wenu.

Kule zahanati, kina mama waliokuwa kwenye benchi walimsifu Ghati. Anasafishwa jeraha hatikisiki, anachomwa sindano ya pepopunda hapepesi. Jasiri huyo, walisema, huyo kweli ni wa kwetu. Nesi, dada wa Tanga aliyehamishiwa huku mwaka jana, aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunga mlango na kupiga magoti mbele ya mtoto.

"Humu hamna mzee, mwanangu. Lia."

Alilia. Alilia mpaka nesi akakaa sakafuni na kumpakata. Alipoweza kusema, alisema sentensi moja, na haikumhusu Mzee Marwa.

"Nilimwambia Shangazi mapema."

Nimepigana na wanaume wenye vyeo na maspika ya mkutano. Hakuna aliyewahi kunipiga hivyo. Nilimwomba msamaha pale pale, mbele ya nesi.

Na sitaki kusikia kwamba ni panya tu. Ninyi mnaosema kilio ni aibu mmeyageuza masikio yenu kuwa mawe. Mtoto akilia mnamfunga mdomo, akinyamaza mnamsifu, halafu mnashangaa siku mnayomkuta na jeraha la zamani lililooza. Mnyama hanyamazi kwa kuwa ameridhika. Mara nyingi hunyamaza kwa kuwa hana tena nguvu ya kulia.

Jioni Mzee Marwa alikuja kuokota fimbo yake. Aliuliza hali ya mtoto, na niliona aliuliza kwa dhati. Kisha, huku akiifuta matope, akanieleza kwamba madume kama yale amegawa mengi, mawili mawili, kwa nyumba za hapa Nyarero na kwa dada yake kule Kerende. Alichagua madume matupu ili yasizaliane yakawasumbua watu. Kila alipopita kuyatazama aliyakuta yanasaga meno, akafurahi kwamba yameshiba.

Akakaa kimya. Sikuuchukua ukimya huo kuwa amekubali.

Kwa hiyo nasema na ninyi mliopewa madume mawili na Mzee Marwa, Nyarero na Kerende. Wekeni simu chini. Nendeni jikoni sasa hivi. Msitie mkono mtupu. Shusheni ubao katikati yao, au mfunikeni mmoja kwa gunia zito, kisha kila mmoja apate boksi lake. Na kama kando yenu yupo mtoto anayewaambia jambo, msimbishie. Fanyeni alichosema.