Siku ya Gari la Taka

Doreen, acha unachofanya, usome hii.

Yule Harriet aliyepanga ghorofa ya juu yangu tangu Septemba, mwenye nyumba yake kubwa kule ng'ambo ya mto, leo kaumbuka. Nilikuwa ngazini, mlango wake uko wazi, nimesikia kila neno.

Kaja afisa wa halmashauri kuhakiki kama wanaoombea watoto nafasi shule yetu kweli wanaishi hapa, maana inachukua watoto wa mtaa huu tu. Mzee mpole, sauti ya kasisi. Harriet kamtilia chai, anamwambia, "Hapa ndipo kwetu. Tumepapenda mno."

Kapapenda. Godoro la mtoto bado limo kwenye nailoni ya dukani, shoga yangu.

Mzee kamaliza chai, kauliza taratibu, "Samahani bibie, gari la taka hupita hapa siku gani?"

Swali hilo tu. Siku gani.

"Jumanne," kajibu mbiombio.

Jumanne, Doreen. Na leo Alhamisi, gari lenyewe linanguruma chini ya dirisha, mapipa yanagongana.

Mzee kachungulia nje, kaandika. Harriet kaniona: "Jirani, si unatusikia tukiwa humu?"

Nikamwambia, "Dada, sijawahi kusikia hata mkivuta maji chooni."

Sasa sikia. Mwanao Edie ndiye wa kwanza kwenye orodha ya kusubiri nafasi, na lango la shule mnaliona kutoka jikoni. Kesho wapigie halmashauri simu mapema.

Na wakikuuliza siku ya taka, usinitie aibu.