Utumbo Wangu Umegoma

Jumatano, 6 Machi

Niko hai. Daftari la Robina, kalamu ya Robina, mkono wangu. Bomba puani, dripu mkononi, tumbo limeshonwa kama gunia la kahawa.

Utumbo mpana ulijisokota, ndivyo wanavyosema. Ukajifunga kitanzi. Juzi jioni wakanipasua, wakaufungua. Robina binti yangu anasema aliyenipasua ni daktari mzee wa Kampala, na ameshaondoka. Namshukuru Mungu! Maana daktari mwingine hapa ni Kiggundu, mume wa Robina. Mkwe wangu, na kwetu mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Tukikutana njiani, mmoja wetu hujificha kwenye mibuni mpaka mwingine apite. Miaka kumi na moja sasa. Uso wake naujua kwa picha ya harusi tu.

Sasa wodi nzima ni yake. Asubuhi alisimama nje ya pazia, akamuuliza Sista Nambooze kitu kwa sauti ya chini. Sista yeye hana sauti ya chini. "Mwalimu, umejamba?"

Jamani! Na viatu vya mkwe naviona chini ya pazia!

Nikasema bado. Basi — hakuna chakula, hata maji ni ya kulowesha midomo. Upepo ukitoka ndipo watajua njia imefunguka.

Alhamisi, 7 Machi

Bado.

Miaka thelathini na moja nimefundisha somo hili, darasa la sita. Nilikuwa na kamba ya mita tisa, toka mdomoni hadi mwisho. Tukiinyoosha inaanzia ubaoni, inatoka mlangoni, inafika kwenye mpera. Watoto hawakuamini kwamba yote hiyo imo ndani yao. Mwaka mmoja nilimsimamisha mwanafunzi mmoja, Nakiwala, kichwa chini miguu juu, akanywa maji kwa mrija. Yakapanda! Nikawaambia: mnaona, chakula hakianguki, kinasukumwa. Misuli inabana nyuma ya tonge, inalegea mbele yake, inabana tena. Wala haingoji amri yako.

Hilo la mwisho nililisema kwa kuwa liliandikwa kitabuni. Leo ndiyo nalielewa. Naweza kukunja kidole, naweza kufumba jicho. Utumbo wangu mwenyewe hautaki kunisikiliza. Nimeubembeleza. Nimeugombeza pia, kimoyomoyo.

Mtoto mmoja aliwahi kuuliza gesi inatokea wapi. Nikamwambia tutasoma mwakani. Hatukusoma.

Kwenye kitanda cha jirani yuko Nnaalongo, alipasuliwa ngiri. Mama wa mapacha, na kwetu mama wa mapacha haoni haya kutamka lolote. Saa nne akapiga kelele, "Imetoka! Sista, imetoka, na ina harufu!" Wodi nzima vigelegele. Akaletewa uji. Akanigeukia na kijiko mkononi. "Mwalimu wee, unabana nini? Huko chini hakuna mtihani!" Nilicheka mpaka mshono ukanichoma.

Jioni viatu vikarudi. "Mwalimu, umejamba?" Kila mtu ananisikiliza mimi.

Nikasema ndiyo.

Si kweli. Nilitaka tu viatu viondoke. Wakaleta uji, vijiko vitano. Mtamu!

Ijumaa, 8 Machi

Siwezi kuandika sana. Uji wote umerudi, na maji ya kijani juu yake. Bomba limerudishwa puani. Tumbo limejaa kama ngoma, ukiligusa linalia. Nilikipeleka chakula mahali ambapo hakuna wa kukipokea.

Adhabu ya mwongo.

Jumamosi, 9 Machi

Robina ameingia, macho mekundu. Kiggundu anataka kunipasua tena kesho saa tatu. Anasema tumbo lililogoma tu linaweza kungojwa. Lakini langu lilishafunguka Alhamisi, halafu likafunga — maana yake huenda kitanzi kimerudi. Ananipasua kwa sababu ya "ndiyo" yangu!

Nikamwambia Robina ukweli. Akakaa kwenye kitanda, akanitazama kama mimi ndiye mtoto.

"Mama! Kwa ajili ya haya?"

"Kamwambie mumeo."

"Nikamwambie nini? Ataona nimebuni ili usipasuliwe. Leo asubuhi kasema hataki tena maneno ya kupokezana. Atasikia kwa mwenye tumbo, au atafungua ajionee."

"Robina, mimi na yeye hatuwezi kuzungumza hivyo. Unajua."

Akainamisha kichwa. Kisha ikamtoka. "Yule mzee wa Kampala hakuwahi kufika, Mama. Barabara ilikatika kwa mvua. Aliyekupasua ni yeye."

Mikono yake, ndani yangu! Kwetu mkwe na mama mkwe hawagusani hata nguo. Wakigusana, mmoja hupata ugonjwa wa kutetemeka, obuko. Mimi mwalimu wa sayansi nilikuwa nawacheka watu wa obuko, nacheka huku nakimbilia mibuni. Na Kiggundu anakula kwa mikono ile. Ikitetemeka, wanangu watakula nini? Na hawa wagonjwa wote?

"Mikono yake ikoje?" nikauliza.

"Ni ileile, Mama. Jana ametoa mtoto kwa kisu. Mama na mtoto, wote wazima." Akafuta macho. "Kabla hajaanza kukupasua alinawa, halafu akatoka nje kulia. Halafu akanawa tena."

Najuta. Mwenzangu alivuka yote hayo ili niishi, mimi nikashindwa na neno moja.

Jumapili, 10 Machi

Asubuhi wameleta machela mlangoni. Viatu vikasimama mahali pake.

Nikamwambia Sista avute pazia.

"Lote, Mwalimu?"

"Lote."

Kiggundu akageukia ukutani haraka. Ana mgongo mpana, koti limekunjamana. Nikamwita. "Kiggundu." Akashtuka kama nimempiga.

"Alhamisi sikujamba. Nilidanganya. Nilikuonea haya."

Kiggundu akaendelea kuutazama ukuta.

"Tangu upasuaji, Mama, hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Akashusha pumzi ndefu. "Basi huenda umegoma tu. Haujajisokota." Halafu, polepole, "Mama, inanipasa kusikiliza. Mimi mwenyewe."

Nikafunua shuka. Nilitazama vidole vyake, sikutazama kingine. Virefu, kucha fupi. Akaweka stetoskopu hapa, akaihamisha pale, akaibakiza kushoto chini. Mkono haukutetemeka. Dakika nzima. Nyingine. Nnaalongo akaanza kukohoa, Robina akamtupia jicho.

"Kuna kitu," akasema. "Kidogo sana. Tungoje mpaka saa sita. Kisipoongezeka, tunaingia."

Machela haijaondolewa. Nilidhani yeye ataondoka, angoje nje. Amevuta stuli, amekaa. Hapa, karibu na magoti yangu! Anaitazama sakafu, mimi nalitazama daftari. Robina kashika mkono wangu usio na dripu — huu unaoandika, kwa hiyo herufi zinakwenda ovyo.

Saa tano kasoro robo. Tumbo bado.

Saa tano na robo. Limenguruma! Wote tumelisikia. Kiggundu ameinua kichwa, na mimi nimeinua changu, tumetazamana. Ana kovu dogo kwenye nyusi. Kwenye picha ya harusi halionekani.

Kuna kitu kinasogea. Kinabana, kinalegea. Kimesimama. Kinauma.

Saa sita kasoro dakika ishirini. Mtu wa machela anamtazama Kiggundu. Kiggundu hamwangalii. Ameinama kidogo kwangu, ameniuliza yeye mwenyewe, polepole, "Mama, imetoka?"

"Bado, mwanangu. Usiondoke."