Mkanda wa Kiti cha Abiria

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: limehifadhiwa kwa ombi la shahidi. Umri: miaka 43. Kazi: mhadhiri wa chuo kikuu. Makazi: nyumba za wafanyakazi wa chuo. Yametolewa tarehe 9 Juni mbele ya mpelelezi.

Mpelelezi ameniuliza swali ambalo mimi mwenyewe nimekuwa nikijiuliza tangu msibani. Mtu anayekufundisha namna ya kumtambua mwongo, je, amekupa sababu ya kumwamini, au amekuchagulia tu mahali pa kutazama?

Mnamo tarehe 6 Machi, saa nne asubuhi, nilifuatana na mdogo wangu wa kiume na mkewe, yaani wifi yangu, hadi kwenye yadi ya magari yaliyotumika yanayotoka ng'ambo. Mwenye yadi huitwa Profesa, kwa sababu huwatolea wateja somo kabla ya kutaja bei. Madalali waliposikia kazi yangu walicheka. Mmoja alisema, "Leo Profesa kapata mwenzake, darasa litanoga!"

Profesa alifungua mlango wa abiria wa mbele, akauvuta mkanda hadi mwisho. Alisema, "Dada zangu, gari lililozama kwenye mafuriko huoshwa kila mahali, ila mwisho wa mkanda husahauliwa. Tope hubaki pale. Vuteni. Msinionee haya." Nilivuta. Ulikuwa safi. Kisha akamketisha bintiye wa miaka kama sita kwenye kiti hicho, akamfunga mkanda uleule, akalizungusha gari uwanjani.

Wifi alimcheka mumewe: "Huyu angenunua hata gari lisilo na injini, mradi redio inaimba." Akanigeukia. "Wifi, wewe ndiye jicho letu. Unasemaje?"

Nilisema kwamba mwenye kuficha hafundishi watu kufichua. Wakanunua.

Mnamo tarehe 19 Mei, saa kumi jioni, tulikuwa tukitoka sokoni. Mdogo wangu aliendesha, wifi alikaa mbele, mimi nyuma ya dereva. Kwenye mteremko wa daraja, lori lililokuwa mbele yetu lilisimama ghafla. Mdogo wangu alikanyaga breki, tukaligonga. Hatukuwa tukienda kasi. Nilisikia sauti kama ya kitambaa kinachochanwa dukani, na wifi akatoka kupitia kioo cha mbele. Alifariki kabla ya kufika hospitali. Alikuwa amepakata mfuko wa nyanya. Nakumbuka niliziokota barabarani, moja moja, na kuzipangusa. Sijui nilikuwa namwokotea nani.

Mkaguzi wa magari alitueleza kwamba mkanda wa wifi ulikuwa umekatwa mwisho wake na kuungwa kipande kingine safi kwa uzi wa mkono, mahali panapofichwa na kifuniko cha plastiki. Mkanda wa dereva ulikuwa wa asili, na mwishoni ulikuwa na tope kavu.

Tarehe 2 Juni, saa tano asubuhi, tulirudi yadini tukiwa na kipande kilichokatika. Profesa alikuwa akiwafundisha kijana na mchumba wake, mlango wa abiria wa gari jingine ukiwa wazi. Mdogo wangu alikiinua kipande, akasema, "Hiki ndicho kilichomuua mke wangu."

Profesa alikitazama. "Pole sana, ndugu yangu. Kazi ya Mola haina makosa. Gari lilishuka melini hivyo hivyo, mimi sishoni." Kisha akanigeukia. "Lakini dada msomi, si ulivuta mwenyewe? Nilisema vuteni. Nilisema vuteni mkanda mmoja tu?"

Madalali walicheka, ingawa si wote. Mdogo wangu aliwasihi wale wachumba wasinunue. Kijana alimjibu kwa upole, "Kaka, pole. Ila huyu angalau anatuonyesha." Wakaendelea kuvuta.

Mpelelezi anataka kujua kama Profesa alijua. Mdogo wangu, ambaye sasa amekaa kwenye benchi nje ya chumba hiki, aliniambia, "Dada, sema ulimwona akishona. Neno moja tu." Sikumwona.

Liko jambo moja nililolisikia. Siku hiyo ya tarehe 2, binti wa Profesa alitaka kupanda kiti cha mbele cha gari lililokuwa likionyeshwa, naye baba yake akamkemea: "Kaa nyuma!" Ikiwa alisema hivyo kabla ya kuonyeshwa kipande, basi alijua. Ikiwa alisema baadaye, basi alijifunza kwetu, kama ambavyo mzazi yeyote angejifunza. Mdogo wangu anaapa ilikuwa kabla, lakini alikuwa amewapa mgongo. Mimi nilikuwa nawatazama, na sikumbuki. Ninapomchukia Profesa, sauti ile huja kabla. Ninapomkumbuka mtoto akiwa amefungwa mkanda ule mwezi Machi, huja baadaye. Siwezi kuapa juu ya kumbukumbu inayofuata chuki yangu.

Hapo ndipo mwisho wa ninachokijua, nami nimekieleza kwa hiari, bila kushawishiwa na mtu zaidi ya nilivyokwisha kusema.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya mpelelezi: Shahidi amesomewa maelezo haya na kukiri kuwa ndivyo alivyosema. Nilimuuliza kama ana la kuongeza. Akasema hana. Nilipomsindikiza nje, ndugu yake alisimama na kuniuliza, "Amesema?" Shahidi alipita bila kumtazama.